Msiba Usio na Tanga: Rehani, Makuzi na Historia ya Misafara katika Riwaya ya Peponi

Utangulizi

Mwaka 1994 Abdulrazak Gurnah, mwandishi aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948, alichapisha kwa Kiingereza riwaya aliyoiita Paradise. Mwaka huohuo riwaya hiyo iliingia katika orodha ya mwisho ya Tuzo ya Booker. Mwaka 2021 mwandishi alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, na mwaka uliofuata riwaya ikatoka kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyochapishwa na Mkuki na Nyota, Dar es Salaam. Kwa hiyo hadithi ya mtoto wa bara na pwani ya Afrika Mashariki ilikaa miaka ishirini na minane kabla ya kusomwa katika lugha ambayo wahusika wake wengi wanadhaniwa kuizungumza.

Peponi husomwa kwa njia mbili zilizozoeleka. Wapo wanaoisoma kama riwaya ya kihistoria kuhusu misafara ya biashara na ujio wa Wajerumani. Wapo pia wanaoisoma kama riwaya ya makuzi, yaani ile inayomfuata mtoto tangu utotoni hadi anapolazimika kuamua mambo yake mwenyewe. Makala haya yanadai kwamba njia hizo mbili hazitenganiki, na kwamba kiungo chake ni rehani. Yusuf, mhusika mkuu, ni mtoto aliyetolewa na baba yake kuwa dhamana ya deni. Kwa sababu hiyo makuzi yake ni historia ya uchumi wa misafara kama ulivyoonekana kutoka chini kabisa. Kwa sababu hiyohiyo huzuni yake haina mahali pa kutulia, kwani jamii yake ina taratibu za kumlilia aliyekufa lakini haina utaratibu wa kumlilia mtoto aliyewekwa rehani.

Miaka kumi na miwili: watoto wawili wa msafara

Anayetaka kujua watu wa pwani walivyoisimulia biashara ya bara kwa lugha yao wenyewe huanza na wasifu wa Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kwa jina la Tippu Tip. Maisha yake, aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili, yalichapishwa na Mjerumani Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20, kisha yakachapishwa upya pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley mwishoni mwa miaka ya 1950. Tippu Tip anaanza habari zake akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, alipoanza safari za karibu za kufanya biashara ya sandarusi. Baadaye kidogo, akiwa kijana wa miaka kumi na minane, anafuatana na baba yake kwenda Unyamwezi. Huko bara, mali ya baba yake inapotaka kukabidhiwa mtu mwingine, kijana anakataa, na mwishowe anakabidhiwa yeye.

Yusuf wa Peponi naye anaanza akiwa na miaka kumi na miwili. Ufanano huu wa umri unastahili kuangaliwa kwa makini, hata ikiwa haukukusudiwa. Kwa Tippu Tip, umri huo ndio mwanzo wa kuingia katika ulimwengu wa baba: mtoto anaonjeshwa biashara, anapewa mtaji mdogo, anajifunza kupima na kukadiria, hatimaye anaidai nafasi yake na kuipata. Msafara ndio jando lake la pili. Kwa Yusuf, umri huohuo ndio mwanzo wa kutolewa nje ya ulimwengu wa baba. Yeye hapewi mtaji, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye mtaji. Barabara ni ileile na bidhaa ni zilezile, lakini mmoja anatembea kama mrithi na mwingine anatembea kama sehemu ya hesabu.

Tofauti hii ndiyo inayoeleza kwa nini riwaya ilihitajika. Masimulizi ya wafanyabiashara wenyewe yamejaa mambo ya thamani kubwa kwa mwanahistoria: majina ya watawala wa bara, kiasi cha hongo, bei ya pembe za ndovu, siku za mwendo kati ya kituo na kituo, magonjwa, vita na mapatano. Lakini masimulizi hayo yamesemwa na wale waliokuwa na cha kupoteza na cha kupata. Mpagazi anaonekana pale anapotoroka au anapokufa. Mtoto aliyetolewa rehani haonekani kabisa, au anaonekana kama tarakimu katika deni la mtu mwingine.

Vyanzo vya Kiswahili ndani ya riwaya ya Kiingereza

Wahakiki wameonyesha kwamba Gurnah hakubuni safari ya Yusuf kutoka hewani. Mwaka 1901 Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki jijini Berlin, alichapisha mkusanyiko uitwao Safari za Wasuaheli. Miongoni mwa safari zilizomo ni ile ya Selemani bin Mwenye Chande kwenda bara hadi ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ambako msafara unakumbana na mtawala aitwaye Chata anayewapokonya mali. Katika Peponi, msafara wa mfanyabiashara Aziz unavuka ziwa na kuangukia mikononi mwa mtawala aitwaye Chatu. Anawavamia usiku, anachukua mali yao na kuwaweka chini ya ulinzi kwa sababu alikwisha kudhulumiwa na mfanyabiashara mwingine kabla yao. Katika mkusanyiko huo wa Velten imo pia safari ya Salim bin Abakari kwenda Urusi na Siberia, na mwangwi wa safari hiyo unasikika katika hadithi zinazosimuliwa na wahusika wa riwaya kuhusu nchi ya Warusi.

Kulinganisha maandishi haya mawili kunafundisha jambo moja muhimu. Katika safari ya Selemani, kupokonywa na Chata ni hasara, tena hasara ya kibiashara inayohesabika. Gurnah ameuchukua mkasa huo na kumweka ndani yake kijana ambaye hana hasara ya kuhesabu, kwa kuwa hana mali. Yusuf anaweza kumsikiliza Chatu akisema kwamba wafanyabiashara wameleta maangamizi, na anaweza kuona kwamba maneno hayo yana ukweli. Jicho la asiyemiliki kitu linaona pande zote mbili za deni. Hiyo ndiyo faida ya kihistoria ya kumweka mtoto wa rehani katikati ya msafara: anakuwa shahidi asiye na bidhaa ya kutetea.

Wanaokuja kumaliza ugomvi na Chatu ni Wajerumani pamoja na askari wao. Mali iliyosalia inarudishwa kwa amri, na kwa amri hiyohiyo wote wawili, mtawala wa bara na tajiri wa pwani, wanajulishwa kwamba sasa yuko hakimu mwingine. Riwaya haitaji miaka, lakini mazingira yake yanaonyesha kwamba tuko katika miongo miwili ya mwisho ya utawala wa Kijerumani. Mji mdogo wa Kawa, alikozaliwa Yusuf, umebuniwa, lakini umepata uhai wake kutokana na ujenzi wa reli ya kwenda nyanda za juu, jambo linalokumbusha reli iliyoanza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893. Reli ya Kati, iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Njia iliyokuwa ikitembewa kwa miezi na wapagazi wa Kinyamwezi ikawa ya siku chache. Kwa hiyo safari ya Aziz ni miongoni mwa safari za mwisho za aina yake, na Yusuf anapevuka katika kazi ambayo yenyewe inakufa.

Neno «ami» na sheria ya rehani

Uchumi wa misafara ulikuwa uchumi wa mikopo. Matajiri wa Kihindi wa Zanzibar, akiwamo Taria Topan aliyemkopesha Tippu Tip, walitoa bidhaa kwa wafanyabiashara wa pwani. Hawa walizikopesha zaidi kwa wachuuzi wa njiani, na wachuuzi wakawakopesha wenyeji. Kila mtu alikuwa mdai wa mmoja na mdaiwa wa mwingine. Dawa ya deni ni kulipa, wasemavyo Waswahili, lakini aliyekuwa mwisho wa mnyororo mara nyingi hakuwa na cha kulipia isipokuwa watu wake. Katika nyakati za njaa hasa, kama ile iliyoikumba pwani katika miaka ya 1880, watoto na ndugu walipelekwa kwa wenye chakula na fedha ili wakae huko mpaka deni lilipwe.

Mtu wa rehani hakuwa mtumwa kwa maana kamili ya neno hilo. Mtumwa aliyenunuliwa alikuwa amekatwa kutoka kwa jamaa zake. Mtu wa rehani alikuwa na wazazi wanaojulikana, na kwa nadharia siku moja angekombolewa. Lakini kazi yake haikupunguza deni, kwani ilihesabiwa kuwa ni malipo ya chakula na malazi yake. Endapo mzazi hakulipa, miaka ilipita na mpaka kati ya rehani na utumwa ukafutika. Sheria ya Kiislamu hairuhusu Mwislamu aliyezaliwa huru afanywe mtumwa. Ndiyo maana desturi hii haikuweza kusemwa waziwazi na watu wenye heshima zao. Ilihitaji kufunikwa, na kilichoifunika ni lugha ya udugu.

Hapo ndipo neno «ami» linapopata uzito wake katika riwaya. Yusuf amezoea kumwita tajiri Aziz ami. Kila anapopita Kawa humpa sarafu, na mtoto anafurahi kutembelewa na ndugu huyo mwenye manukato na adabu. Siku anapochukuliwa, anaambiwa tu kwamba anakwenda safari na ami yake. Anapofika katika duka la Aziz pwani, Khalil, kijana aliyemtangulia katika rehani, anamsahihisha kwa ukali: huyu si ami yako, mwite Seyyid. Somo la kwanza la utu uzima wa Yusuf, basi, ni somo la msamiati. Anajifunza kwamba neno moja linaweza kuwa adabu na hila kwa wakati mmoja. Katika Kiswahili cha pwani mtoto humwita ami mtu mzima yeyote anayestahili heshima, si ndugu wa baba peke yake. Upana huo wa neno ndio uliompa mdai mlango wa kuingilia nyumbani kwa mdaiwa wake na kutoka na mtoto bila mtu yeyote kutamka neno «deni».

Yusuf anaendelea kuteleza na kusema ami kwa muda mrefu baada ya kusahihishwa. Tabia hiyo isichukuliwe kuwa ujinga wa mtoto tu. Kuliacha neno hilo ni kukubali kwamba baba yake alijua alichokuwa akikifanya. Maadamu Aziz ni ami, kilichotokea ni ziara iliyorefuka. Akishakuwa Seyyid, kilichotokea ni biashara. Kijana analishikilia neno kwa sababu ndilo ukoo wa mwisho alionao.

Huzuni isiyokaliwa tanga

Jamii za Waswahili zina utaratibu ulio wazi wa kifo. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake yalikuwa msingi wa kitabu cha Desturi za Wasuaheli alichokichapisha Velten mwaka 1903, aliyaeleza mambo ya maziko na matanga kama sehemu ya mfululizo wa maisha ya mtu tangu kuzaliwa. Maiti huoshwa, hukafiniwa na kuzikwa. Jamaa na majirani hukaa pamoja katika nyumba ya wafiwa, husomwa hitima, mjane hukaa eda, kisha matanga huondolewa na watu hurejea katika shughuli zao. Utaratibu huo huipa huzuni mahali, watu na muda. Hauondoi uchungu, ila unaupa mpaka.

Katika Peponi karibu kila mtu ana msiba, na karibu hakuna tanga linalokaliwa. Baba yake Yusuf alikuwa na mke wa kwanza na watoto wawili waliopotea baharini chomboni. Hawakurudi, na hakuna kaburi lao. Mama yake Yusuf ameolewa mbali na watu wake wa milimani, na anaishi katika nyumba ambayo daima inalinganishwa na nyumba iliyotangulia. Mtoto anakua akijua kwamba mahali alipo pamewahi kuwa pa wengine. Anapoondoka anabeba furushi dogo la nguo na msahafu, na tasbihi ya mama yake. Hakuna anayemweleza kinachotokea. Machozi ya mama yapo, lakini hayana jina: mtoto hajafa, kwa hiyo hakuna wa kuja kutoa pole, hajaoa wala hajaenda chuoni, kwa hiyo hakuna wa kupongeza.

Msiba wa aina hii ni mgumu kuliko kifo kwa maana moja mahususi: hauna siku ya kuanza wala ya kumalizika. Kwa miaka yote aliyokaa kwa Aziz, Yusuf hana habari za nyumbani. Hajui kama wazazi wanamngoja au wamemsahau. Karibu na mwisho wa riwaya ni Aziz mwenyewe, mdai, anayempasha habari kwamba baba yake amefariki na kwamba mama yake hayupo tena katika mji ule, wala hajulikani alikokwenda. Taarifa ya kifo inakuja kutoka kwa yule aliyemchukua, tena ndani ya mazungumzo kuhusu mambo mengine. Hakuna hitima na hakuna mkeka unaotandikwa. Kijana anafiwa na baba ambaye alikwisha kumpoteza miaka mingi nyuma, na hana hata jamaa mmoja wa kukaa naye.

Khalil ni kioo cha hali hiyohiyo. Yeye naye aliletwa pamoja na Amina, msichana aliyelelewa na familia yake kama dada, ili kulipia deni la baba. Amina anapofikia umri anaolewa na Aziz, na Khalil anaambiwa yuko huru kuondoka. Haondoki. Familia yake imekwisha tawanyika, na kumwacha Amina peke yake katika nyumba ile ni aibu asiyoweza kuibeba. Maneno yake mengi, mizaha yake dukani na makelele yake kwa wateja ni namna ya mtu aliyekaa matanga miaka mingi bila kujua kwamba anakaa matanga. Urafiki wake na Yusuf, ambaye anamwita ndugu yake mdogo, ndio udugu pekee katika riwaya ambao haukuanzishwa kwa hila.

Kanzu iliyochanika na macho yasiyofumbuliwa

Msomaji Mwislamu hahitaji kuelezwa kwa nini kijana mzuri wa sura, aliyetengwa na baba yake na kupelekwa katika nyumba ya tajiri, anaitwa Yusuf. Sura ya kumi na mbili ya Qurani inamhusu Nabii Yusuf, na riwaya inaifuata kwa mambo mengi: ndoto, uzuri wa kijana, safari, mke wa tajiri aitwaye Zulekha anayemtamani, nguo iliyochanwa kwa nyuma ambayo ni ushahidi kwamba kijana alikuwa akikimbia. Wahakiki wamelishughulikia sana jambo hili. Kilichoangaliwa kidogo ni mahali ambapo riwaya inakataa kuifuata sura hiyo, na mahali hapo panahusu huzuni.

Katika kisa cha Qurani, wanaomtupa Yusuf ni ndugu zake, na baba ndiye mfiwa mkuu. Yaakub analia mpaka macho yake yanapofuka, lakini hakati tamaa. Mwishoni kanzu ya mwanawe inaletwa, inawekwa usoni pake, na anaona tena. Kisa kina nguo zaidi ya moja: ile yenye damu ya uongo, ile iliyochanwa, na ile inayoponya. Huzuni inaanza na nguo na inamalizika na nguo.

Katika Peponi ni baba anayemtoa mtoto. Hatujui kama alilia, kwa kuwa riwaya haimrudii tena. Nguo iliyochanwa ipo, lakini inayoponya haipo. Hakuna msafara unaorudi Kawa ukiwa na harufu ya mwana, na macho ya baba yanafungwa na kifo kabla ya kuonana. Gurnah amechukua kisa kinachomalizika kwa familia kukutana na kukiweka katika historia ambayo haikuruhusu kukutana. Haikosoi dini wala haiikejeli. Inauliza swali la kihistoria: ni watoto wangapi wa njia hizi walioitwa Yusuf na wasipate mwisho wa Yusuf?

Uhuru usio na pa kwenda

Riwaya za makuzi kwa kawaida humalizika kijana anapopata nafasi yake katika jamii, au anapoikataa jamii hiyo kwa makusudi. Peponi inamweka Yusuf mbele ya mifano miwili ya uhuru, na yote miwili ina kasoro. Wa kwanza ni Mzee Hamdani, mtunza bustani, mtumwa ambaye alipewa uhuru na hakuuchukua. Hoja yake, kwa muhtasari, ni kwamba aliyempa hakuwa nao wa kuutoa. Wa pili ni Khalil, aliye huru kwa hesabu na mfungwa kwa mapenzi.

Mifano hii ina mizizi katika historia. Zanzibar, soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873 na hadhi ya kisheria ya utumwa ikaondolewa mwaka 1897. Katika Afrika Mashariki ya Kijerumani hakukuwa na siku moja ya kukomesha utumwa. Sheria ya mwaka 1904 iliamua kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwisho wa mwaka 1905 watakuwa huru, na waliobaki walitegemea kujikomboa, kukombolewa au kutoroka. Utumwa ulikuja kupigwa marufuku Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Katikati ya tarehe hizo palikuwa na maelfu ya watu kama Hamdani na Khalil, ambao sheria iliwafikia nusunusu na ambao hawakuwa na ukoo wala shamba la kurudia.

Yusuf anapogundua kwamba Amina naye yumo katika kifungo kilekile, anatamani kuondoka pamoja naye. Hakuna kinachotendeka. Vita vinakaribia, askari wa Kijerumani wanapita wakikamata watu wa kuwatumikia, na yeye na Khalil wanajificha. Wakiisha kupita, Yusuf anawaona mbwa wakila kinyesi kilichoachwa kambini, na katika njaa yao ya unyonge anajitambua. Anasikia mlango wa bustani ukifungwa nyuma yake. Kisha anakimbia kuufuata msafara wa askari.

Mwisho huu umewasumbua wasomaji, na una haki ya kuwasumbua. Anatoka kwa bwana mmoja na kumfuata bwana mwingine, tena katika vita vya 1914 hadi 1918 vilivyoangamiza wapagazi na wanavijiji wengi kuliko wanajeshi. Jina la Kariakoo la Dar es Salaam, lililotokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza, bado linakumbusha namna miili ya vijana ilivyogeuzwa kuwa vyombo vya uchukuzi. Hata hivyo, kuusoma mwisho huo kama usaliti au ujinga ni kusahau kwamba hilo ndilo tendo la kwanza ambalo Yusuf analitenda bila kutumwa. Ami alimchukua, Seyyid alimpeleka, Zulekha alimwita. Sasa anakimbia mwenyewe. Ukomavu anaoufikia ni mchungu kwa sababu historia imemwachia njia mbili tu, nazo zote ni za utumishi. Gurnah alirudi kwenye swali hilo miaka mingi baadaye katika Afterlives ya mwaka 2020, ambamo kijana mwingine, Hamza, anaingia askari na kurudi na majeraha yake.

Hitimisho: neno «peponi»

Yapo mambo ambayo tafsiri hupoteza, na yapo ambayo hurudisha. Jina la Kiingereza la riwaya linaelekeza kwanza kwenye bustani: bustani ya Aziz yenye ukuta, mifereji na miti ya matunda, ambayo Yusuf anaitamani tangu siku ya kwanza. Jina la Kiswahili lina bustani hiyohiyo, lakini lina jambo jingine zaidi. Mswahili hulisikia neno «peponi» mara nyingi zaidi msibani, katika dua ya kumwombea marehemu alazwe mahali pema. Kwa msomaji wa Kiswahili, kwa hiyo, jalada la kitabu tayari lina sauti ya tanzia.

Sauti hiyo inaifaa riwaya hii kuliko inavyoonekana kwanza. Velten alikusanya safari za watu wa pwani ili Wajerumani wajifunze lugha ya watawaliwa wao. Lyndon Harries alizichapisha upya baadhi yake mwaka 1965 kwa ajili ya wanafunzi wa nathari ya Kiswahili. Gurnah alizichukua na kuzitia katika Kiingereza, na ndani yake akamweka mtoto ambaye zenyewe hazikumtaja. Hadjivayanis amezirudisha katika Kiswahili pamoja na mtoto huyo. Katika mzunguko huo wa zaidi ya miaka mia moja, masimulizi yaliyoanza kama hesabu za bidhaa na siku za mwendo yamerudi kwa wenyewe yakiwa na mfiwa ndani yake. Mama yake Yusuf hakupata mtu wa kumpa pole, na baba yake alizikwa bila mwana. Kuisoma habari yao leo kwa lugha ambayo wangeweza kuisikia hakuwarudishii mtoto. Kunawapa tu kile ambacho desturi iliwanyima: mkeka uliotandikwa, na watu waliokuja kuketi.